Mama Lunsa na siri ya kangaga zake

Mwanga bado hautoshi kuona njia vizuri, lakini Senia binti Ugat ameshasimama mara tatu kugeuka nyuma. Anasikiliza. Anaingia kijitoni, anatembea ndani ya maji asiache nyayo, kisha anamwambia mwandishi, "Wewe unaishia hapa. Kaa kwenye gogo hilo. Ukinifuata, hatuongei tena."

Jua limepanda anaporudi, kwa njia nyingine kabisa. Kikapu chake kimejaa midin, kangaga changa zenye ncha zilizojikunja.

Katika nyumba ndefu anamoishi, familia nyingi chini ya paa moja, upande wa juu wa mto Rajang, wanamwita Mama Lunsa. Ana miaka hamsini na sita. Tangu mumewe afariki, midin ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu wawili. Mwezi mzuri humpa ringiti mia saba. Mwezi uliopita hakufikisha mia mbili.

Yote yalianza pale mtoto mmoja mjini alipotapika usiku kucha baada ya kula midin ya sokoni. Haikujulikana ilitoka meza ya nani. Uvumi ukasema imechumwa kwenye mashamba ya michikichi, kunakopuliziwa dawa ya kuua magugu. Wauzaji wakaulizwa wanachuma wapi. Wengine walinyoosha vidole kwenye vilima. Mama Lunsa alinyamaza, na tangu siku hiyo wateja wanaipita meza yake.

"Nikitaja mahali, kesho nitakuta vikapu ishirini," anasema. "Keshokutwa nitakuta matope. Mama yangu alinionyesha pale nikiwa msichana. Kila shina unachukua ncha moja, nyingine unaiacha. Nani mwingine ataacha?"

Sokoni, mafungu yake yamepangwa juu ya jani la mgomba. Dada Tiong, mwenye kibanda cha chakula, ambaye zamani alinunua nusu ya kikapu kila siku, anainua fungu, analinusa, analirudisha.

"Mama Lunsa, mimi nakaanga na uduvi, watu wanakula. Wakiugua, watamshika nani? Niambie tu unachuma wapi."

"Nachuma msituni."

"Msitu ni mkubwa, mama."

Mama Lunsa anapandisha suruali. Kwenye shavu la mguu ruba amenenepa kwa damu. "Huyu ndiye anayenionyesha pa kuchuma. Dawa ikipuliziwa, ruba hawakai. Pasipo na ruba mimi sitoi hata ncha moja."

"Ruba wa mfukoni huyo!" anadakia Mama Jelian, naye muuza midin, kutoka meza ya pili. Wanaishi nyumba moja, milango mitatu tu imewatenganisha. "Anamfuga! Kila asubuhi anamnywesha kahawa!"

Soko linacheka. Mama Lunsa hacheki. Anatazama buti za mpira za jirani yake, safi mpaka juu.

"Basi vua buti, Mama Jelian. Tuone ruba wako."

"Miguu yangu si ya maonyesho."

Kicheko kinakatika. Dada Tiong anayatazama mafungu ya Mama Jelian, kisha ya Mama Lunsa. Hanunui kwa yeyote.

"Nipeleke," anasema hatimaye. "Nikaone kwa macho yangu."

"Hapo atampeleka mahali pa kudanganyia," Mama Jelian ananong'ona, kwa sauti inayofika kila meza. "Ningekuwepo mimi, asingeweza."

Mama Lunsa anazichambua ncha ambazo hazihitaji kuchambuliwa. Kisha anasema, "Twendeni sote watatu. Jumamosi. Nawe Mama Jelian uje pekupeku."

Jioni, barazani pa nyumba ndefu, anamweleza mwandishi mpango wake. Atamwomba mkuu wa nyumba alitangaze bonde lile anakochuma kuwa hifadhi ya wote, kama ile misitu ambayo mababu walikataza kufyeka, na sheria ya kuacha ncha moja iwe ya kila mtu, pamoja na faini kwa atakayeivunja.

"Labda wataiheshimu," anasema. "Mjukuu wangu naye atahitaji mahali pa kuchuma. Siri niliyoishika peke yangu imeninyima wateja, haijanilinda."

Je, anamwamini Mama Jelian sasa?

Anachungulia milango mitatu mbele, anashusha sauti. "Jumamosi tutaondoka saa moja asubuhi. Mimi nitakuwa nimetangulia tangu alfajiri, nihesabu mashina yote na ncha zake. Tukishatoka, nitarudi kuyahesabu tena."