Bastola Mpya ya Mzee Shee na Mafuta ya Nazi Yaliyoninyima Barua

Wakuu wa jukwaa, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Tangu juzi nasoma humu watu wakibishana kuhusu bastola, ipi nzuri, ipi mbovu, kila mtu fundi. Mimi nimepiga semi-automatic mpya asubuhi moja tu maishani, na nikiikumbuka bado kichwa kinapata moto.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Siongezi chumvi, maana yaliyonipata yanatosha bila chumvi.

Ni miaka ya tisini, Mombasa. Mimi ni bawabu wa usiku kwenye godauni la kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, upande wa Kilindini. Kampuni ilikuwa ya Mzee Shee, mtu wa mtaa wa Kuze, familia ya zamani, kanzu haina hata mkunjo.

Na niseme mapema, alikuwa mtu mwema. Ukifiwa anakuja mwenyewe, hatumi mtu. Ndiyo maana mambo haya yananiudhi zaidi, kwa sababu angekuwa mtu mbaya ningelala usingizi.

Kulikuwa na wizi mwingi wa mizigo wakati huo. Mzee akapewa leseni, akanunua bastola mpya kabisa, nyeusi, bado ina karatasi zake za mafuta kwenye boksi. Akaniita akaniambia anataka mtu wa kutembea naye mchana na kuishika, na mtu huyo ni mimi.

Sharti moja. Ili jina langu liongezwe kwenye leseni, nilitakiwa niende range, uwanja wa shabaha, nipige risasi kumi mbele ya mkufunzi, anipe barua ya kwamba naijua kazi. Bila barua, hakuna leseni, na bila leseni narudi getini usiku.

Sasa elewa kwa nini nilitaka kazi ile ya mchana.

Mke wangu Kadzo alikuwa kijijini Kaloleni na watoto wetu wawili. Mimi nilikuwa na chumba Tononoka, mjini. Kadzo alishasema wazi kwamba haji mjini kulala peke yake na watoto huku mumewe analinda mabati ya watu. Nikipata kazi ya mchana, anakuja siku hiyohiyo.

Na mimi kwa kiherehere changu, kabla hata ya test, nikampelekea habari aje Jumamosi. Test ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na uhakika gani sijui.

Kupiga nilikuwa najua, msidhani najisifu. Kijijini nilikuwa nikienda porini na marehemu ami yangu, aliyekuwa askari wa wanyamapori, na alinifundisha vizuri. Kwa hiyo hofu sikuwa nayo.

Jumatano jioni Mzee akaniita kwake Kuze tuisafishe bastola. Tumeketi sebuleni, gazeti limetandikwa chini, bastola imefunguliwa vipande. Ndani ya boksi kulikuwa na kichupa cha mafuta yake maalum. Nikakifungua.

Mzee akaninyang'anya.

"Ngoja, Charo. Hayo mafuta siyajui asili yake. Huenda yana shahamu ya mnyama. Mimi nishike chuma hiki kisha niende nikasali? Yawate hayo, tutie mengine."

Akamwita mkewe alete mafuta ya nazi.

Wakuu, mafuta ya nazi! Yale ya kupaka nywele na kupikia!

Nikamwambia kwa adabu kwamba karatasi ya bastola imeandika mafuta gani yatumike. Akanitazama vile wazee wa pale wanavyokutazama, hana hasira, ila unajiona umekosa malezi.

"Bastola ya marehemu baba, ile ya silinda ya kuzunguka, ilipakwa mafuta haya miaka thalathini. Haikupata kutu hata nukta. Wewe wamjua baba?"

Simjui baba. Nikapaka.

Na nilipaka kwelikweli, kwa sababu kila nikimaliza ananiambia tia tena, hewa ya bahari haina huruma. Reli za slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka, zikajaa. Magazini ya risasi nayo ikapata yake. Mzee akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaipeleka mwenyewe ofisini, akaifungia kwenye sefu.

Sasa hapa ndipo penyewe. Baba yake Mzee aliweka bastola yake kabatini, nyumbani, kwenye joto la Mombasa. Sefu ya ofisi ilikuwa kwenye chumba cha kompyuta. Kampuni ilikuwa imenunua kompyuta yake ya kwanza, na fundi alikuwa amewaambia AC isizimwe usiku wala mchana. Humo ndani makarani walikuwa wakivaa sweta.

Na ulikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Mtu wa pwani yeyote anajua mwezi wa saba mafuta ya nazi yanavyofanya ndani ya chupa, hata bila AC.

Mimi ni mtu wa pwani. Nimelelewa kwenye minazi. Halikunijia kichwani hata kidogo.

Alhamisi saa mbili asubuhi tukafika range. Bastola imetoka kwenye sefu nusu saa iliyopita, chuma bado baridi. Mkufunzi alikuwa Bwana Mutua, Mkamba mmoja aliyestaafu jeshini, mtu wa maneno machache. Mzee akapewa kiti kivulini, akakaa na tasbihi yake.

Risasi kumi, mfululizo, kwenye ubao uliowekwa mbele ya tuta la udongo.

Ya kwanza ikatoka. Ikapiga karibu kabisa na katikati. Nikafurahi.

Ya pili haikutoka. Naangalia, ganda la risasi ya kwanza limesimama wima pale juu, slaidi imeshindwa kurudi, imelibana. Bwana Mutua akaja, akalitoa.

"Kaza mkono. Semi-automatic inataka mkono ngumu. Ukilegea inajam."

Ni kweli, wakuu, mkono ukilegea inajam. Lakini mimi sikuwa nimelegea. Nikakaza. Ikatoka moja, ikajam tena.

"Kaza mkono."

Nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ikajam.

"Charo, nimesema kaza mkono."

Ndugu zangu, mnajua hasira ya kuambiwa jambo unalolifanya tayari? Nilikaza mpaka mkono ukaanza kutetemeka, na ulipotetemeka ndipo risasi zikaanza kwenda ovyo kweli. Moja ilipiga kigingi cha ubao. Kule nyuma namsikia Mzee Shee anasema polepole, "La haula."

Kumi zikaisha hivyo. Jam sita. Bwana Mutua akaiweka bastola mezani juani, akatoa fomu yake akaanza kujaza bila haraka, anauliza jina, kitambulisho, umri. Jua nalo lilikuwa limeshapanda na meza ile ilikuwa ya bati.

Alipomaliza, akatia risasi tano, akalenga. Zikatoka tano, hakuna hata moja iliyokwama.

"Umeona? Hii bastola haina shida."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha nikatazama meza. Pale ilipokuwa imelazwa bastola palikuwa na kidimbwi cha mafuta meupe safi, yameyeyuka yanatiririka. Bwana Mutua naye akaona. Akaangalia vidole vyake, akavinusa.

"Hii inanukia wali," akasema.

Akaigeuza, akachungulia ndani. Kumbe kabla jua halijayayeyusha, yale mafuta yalikuwa yameganda humo yote kwa baridi ya sefu, mazito, slaidi ingepita wapi? Hakuwa mjinga yule mzee wa jeshi. Alielewa palepale.

"Nani amepaka hii kitu?"



Nikamtazama Mzee Shee. Alikuwa umbali wa hatua nne na alisikia vizuri sana. Akainamia tasbihi yake, akaendelea kuvuta punje.

Bwana Mutua akanisogelea, akashusha sauti. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Sikiza. Kama ni mtu mwingine amepaka, niambie, tunapanguza sasa hivi na unapiga upya, mimi naona mkono yako iko sawa. Lakini kama ni wewe, siwezi kukupatia barua. Mtu hajui kutunza silaha siwezi kumpatia silaha. Sema."

Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu tu. Mzee ndiye aliyeniamuru. Ningeyasema, ningepiga tena, ningepita.

Lakini nilimwona Mzee pale kwenye kiti. Mtu mzima, mwajiri wangu, aliyekuja matanga ya mamangu akakaa chini mkekani na watu. Nimwaibishe mbele ya mgeni kwa sababu ya mafuta ya nywele? Na isitoshe, nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Nilimpa nafasi, nikahesabu pumzi moja moja. Nilidhani hawezi kuniacha.

Hakuinua uso.

"Ni mimi," nikasema.

Bwana Mutua akanitazama, akamtazama na Mzee, akatikisa kichwa. Akaandika: hajui kutunza silaha. Nijaribu tena baada ya mwaka.

Tukaingia kwenye gari. Kutoka kule hadi ofisini Mzee alivuta tasbihi yake. Tulipofika, kabla sijashuka, akanishika bega kwa upole kabisa.

"Charo mwanangu, siku nyengine usitie mengi."

Wakuu! Usitie mengi!

Nilikwenda nyuma ya godauni nikapiga teke pipa tupu mpaka kidole kikavimba.

Jumamosi Kadzo akafika Tononoka na watoto, godoro, sufuria, na karatasi ya uhamisho ya shule ya binti yetu mkubwa. Nilimwacha akae, anywe maji, ndipo nikamweleza yote. Nilitegemea amkasirikie Mzee, tumkasirikie pamoja.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo yule mkufunzi alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Akakwambia ukisema utapiga tena?"

"Ndiyo."

"Na mimi nishaaga watu."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Jumatatu alifunga godoro kwa kamba ileile, akarudi Kaloleni na watoto.

Mwaka ulipokwisha nilirudi range na bastola nyingine ya kuazima, nikapita bila shida. Lakini nafasi ya mchana Mzee alikuwa ameshampa mpwa wake. Nikaendelea na geti la usiku miaka miwili zaidi, hadi nilipopata kazi ya mchana kwingine.

Binti yangu alikuwa na miaka sita Jumamosi ile. Walipokuja tena, wakaja kukaa kweli, alikuwa na tisa. Akasimama mlangoni, akaniamkia kwa adabu kama anavyoamkia wageni, akaniuliza aweke wapi viatu vyake.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani ile aibu nimeibeba mimi peke yangu kwa ajili ya mzee wangu. Sikuibeba peke yangu. Niliwabebesha watu watatu waliokuwa Kaloleni, na wao hakuna aliyewauliza.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kunyamaza kazini kumsitiri bosi aeleze ilivyomwishia, nitasoma zote. Na wewe unayetaka kuniandikia kwamba nilifanya vyema, kwamba ile ndiyo heshima, kwanza kamuulize mkeo, halafu urudi uandike.