Hita Penye Shikome

Siku boksi lile lilipoletwa kutoka stesheni nilicheka mpaka nikashika mbavu. Hita ya kuotea joto, Mwanza! Mahali ambapo saa sita mchana hata kuku wanagombea kivuli, mtu mzima anakaa Dar es Salaam, anafunga hita kwenye boksi, anaipandisha treni mpaka huku ziwani. Nikamwambia Mama Paulo, "Mwanao amekosea njia, mzigo huu ulikuwa wa kwenda Makete kwenye baridi." Mama Paulo hakucheka. Alikuwa anafungua fundo la kamba kwa meno, taratibu, kwa sababu kamba nzuri haikatwi.

Mama Paulo jina lake ni Getruda, mjane wa mzee Nkwabi, na ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu pale Buswelu miaka ile ya tisini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba cha uani kwake. Naitwa Bernadetta, Mhaya wa Kagera, na kwa kosa hilo la kuwa Mhaya nilitaniwa asubuhi na jioni. Sikuwahi kukosa jibu. Lakini utani wangu wa siku ile haukupata wa kuupokea.

Kitu chenyewe kilipotoka kwenye makaratasi kilikuwa kizuri, siwezi kukisingizia. Kilikuwa na mguu mrefu wa chuma na kichwa kipana kinachong'aa, na ndani ya kichwa vioo viwili vyembamba. Ukichomeka umeme, vioo vinaiva vyekundu kama makaa, bila moshi wala sauti. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, nikamsomea: inafaa sebuleni, inafaa na nje barazani, haipashi hewa, inatoa mionzi inayompiga mtu mwilini moja kwa moja, kama jua la asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Nje inafaa, eeh?"

"Ndivyo walivyoandika."

Akaibeba begani, akaitoa uani, akaisimamisha penye shikome. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Shikome ni moto wa nje, na kwa Wasukuma ni moto wa wanaume. Jioni mwenye mji anauwasha, majirani wanakuja na vigoda vyao, chakula kinaletwa palepale, na habari zote za dunia zinachambuliwa hapo. Wanawake wanapika na kuleta, hawakai. Kwa mzee Nkwabi jambo hilo lilikuwa mwiko hasa: mkewe hakuruhusiwa hata kusogeza kuni. Mimi niliyemkuta mzee yu hai nilimwambia mara nyingi kwamba kwetu mwanaume anakula ndani kama mtu mstaarabu, naye alinijibu kwamba ndiyo maana wanaume wa kwetu hawana habari mpya.

Jiko la Mama Paulo lilikuwa limepakana na shikome. Kati ya hivyo viwili palikuwa na ukuta mmoja wa tofali za udongo, wenye matundu ya kutolea moshi. Miaka yote ya ndoa yake, tangu alipoletwa kutoka upande wa Bujora akiwa msichana, mama huyu alikaa nyuma ya ukuta ule akisonga ugali na kusikiliza. Hakuwahi kukaa shikome hata siku moja, lakini hakuna aliyeijua kama yeye. Mzee Mihayo, rafiki mkubwa wa mumewe, akianza kucheka kwa kukohoa, Mama Paulo alijua ugali hautoshi, anaongeza unga. Na mzee Ngosha alikuwa na kisa chake cha kiboko aliyemkimbiza kule Kamanga. Kila mwaka kiboko yule alizidi kunenepa. Ngosha akifika mahali kiboko anapotoka majini, Mama Paulo alikuwa anamtangulia kwa kunong'ona, neno kwa neno, akiitabasamia sufuria.

Kisha mzee Nkwabi akafariki. Watu walijaa, matanga yakaisha, na Mihayo akasema mbele ya wote kwamba shikome ya mtu haiwashwi na mgeni. Paulo, mtoto wa pekee, ndiye atakayeiwasha. Kila mtu aliona ni maneno ya haki. Lakini Paulo alikuwa na kibarua chake Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya umeme, na likizo yake ilikuwa ya kuomba kwa magoti. Aliondoka bila kuwasha kitu.

Na dunia nayo haikusubiri. Kiwanda cha kuchambulia pamba alikofanyia kazi Nkwabi kikawa kinasimama zaidi ya kinavyotembea. Wanunuzi binafsi wakaja na malori na mizani zao. Ngosha akaenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Mihayo akaanza kukusanya sangara kwa wavuvi mwaloni kwa ajili ya viwanda vya minofu. Kila mtu akawa mfanyabiashara, na jioni, saa ile ya shikome, ndiyo ikawa saa ya kufukuzia mzigo. Hata bila msiba moto ule ungepata shida ya watu.

Usidhani mama huyu alikuwa na njaa, au alikosa wa kumsalimia. Mashamba alikuwa nayo, michembe ya viazi ilijaa ghalani, na kanisani alikuwa mtu wa kwaya. Alichokosa alikwisha kuniambia siku moja akichambua mlenda.

"Mwalimu, mimi nataka kelele. Nataka nisikie wanaume wanaongea pale nje wakati nasonga ugali. Ugali wa mtu mmoja hausongeki."

Paulo alipokuja mara ya mwisho kabla ya boksi lile alimkuta mama yake amekaa jioni karibu na majivu ya shikome, amejifunika khanga mbili. Akafikiri mama anasikia baridi. Paulo ni mtoto mwema, tatizo lake ana majibu ya haraka. Ndiyo tukapata hita.

"Mama," nikamuuliza, "si umeambiwa mwanamke hawashi hapa?"

"Hawashi moto," akanijibu. "Hii siyo moto. Umenisomea mwenyewe, ni mionzi. Mionzi haina mwiko."

Nikaenda kutafuta waya mrefu.

Akapeleka ujumbe kwa Mihayo. Kwa bahati na Ngosha alikuwa amerudi kutoka machimboni, mweusi wa vumbi na bila dhahabu. Wazee wakaja, pamoja na majirani wawili waliosikia kwamba kwa marehemu Nkwabi kuna moto usiounguza kuni. Ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa ziwani unapanda jioni, baridi kidogo ipo. Mama Paulo alikuwa jikoni tangu alasiri. Alipika sato wa kukausha kwa karanga, akatoa na sufuria kubwa, ile ya siku za watu wengi, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa. Waya ulipita dirishani. Nikawasha.

"Kalibuni, wazee," akasema kutoka mlangoni, kisha akakimbia nyuma ya ukuta wake. Nilimfuata. Alikuwa ameshika mwiko, ameuegemeza mgongo ukutani, anasubiri.

Wazee walikaa mduara, kama walivyozoea. Muda si mrefu Ngosha akainuka, maana alikuwa amekaa nyuma ya hita na alikuwa anapata upepo mtupu. Akahamia mbele. Jirani naye akahama. Mwishowe wote wanne wakawa upande mmoja, wamepangana kama abiria wanaosubiri kivuko, wanatazama vioo vyekundu. Moto wa kuni una pande zote, na mtu akisema neno anaona uso wa anayesikia. Kile kitu kilikuwa na upande mmoja tu. Mihayo alikuwa na kijiti mkononi. Kwa mazoea akakinyoosha achochee, akakuta hakuna pa kuchochea. Akakiweka chini, na tangu hapo hakujua mikono yake aifanye nini.

Ngosha alijaribu. Akaanza kisa cha kiboko. Lakini kila akigeuka anaona sikio la Mihayo, hauoni uso wake, na anayesimulia sikio huchoka upesi. Akakikatisha.

"Kiboko hajatoka majini," Mama Paulo akanong'ona.

"Ngoja, atatoka," nikamwambia.

Hakutoka. Walikula, tukasikia wanatafuna, tukasikia kijibakuli kikiwekwa chini. Hakuna aliyecheka kwa kukohoa, na ugali ulibaki. Ugali kubaki kwenye shikome ile, mimi sikuwahi kuona. Mihayo akaja mlangoni kuaga.

"Shemeji, ahsante sana. Umetulisha. Huu moto wako mzuri, hauna moshi, ila unatazama upande mmoja."

"Kesho mtakuja?"

"Mungu akipenda, shemeji."

Mungu alipenda, nina hakika. Ni wao hawakupenda. Nilikasirika nao mno, na hasira hiyo haijaisha vizuri hata leo. Kwa nini mtu asikae hata kwa kumtunza mjane wa rafiki yake? Mama Paulo hakusema lolote baya. Kesho yake alipika tena ugali wa watu wengi, na keshokutwa, kisha akairudisha sufuria kubwa juu ya kabati.

Akaanza kukaa yeye mwenyewe mbele ya hita, jioni, kwenye kigoda. Si moto, hakuna wa kumkataza. Nikawa namfuata nikae naye, nimsimulie vituko vya shuleni, na mimi kusimulia naweza, hata maadui wangu wanakubali. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza padri. Siku moja nikamuuliza kama joto linamtosha.

"Mbele naiva, mwalimu. Mgongo ndio una baridi."

Nikamletea khanga ya mgongoni. Nilijua haitasaidia, na niliumia. Mgongo ule ulizoea ukuta wenye watu upande wa pili, na mimi peke yangu sikuwa watu wa kutosha. Ulipokuja mgao wa umeme, hita ikafunikwa gunia.

Paulo alikuja mwezi wa nane, kwa siku chache. Kijana amenawiri, shati la Kariakoo, sauti ya baba yake mwenyewe. Jambo la kwanza lilikuwa kuifunua hita, kuipangusa na kuisifia. Kwa bahati umeme ulikuwepo. Nikamvuta pembeni.

"Paulo, tafuta kuni uwashe moto wa baba yako. Nitakusaidia kubeba."

"Shikamoo yako nakupa, mwalimu, lakini nijibu. Nikiuwasha leo na keshokutwa nikaondoka, nani atautunza? Niuwashe ili uzime mara ya pili?"

Kumbe majibu ya haraka hayakuwa yote aliyokuwa nayo.

Jioni akakaa mbele ya hita, kwenye kiti cha baba yake cha miguu mitatu. Vigoda vya wazee, ambavyo hawakurudi kuvichukua, bado vilikuwa pale. Akamwita mama yake.

"Mama, njoo tukae wote. Unajificha nini jikoni?"

Akaja. Akakaa pembeni yake, mikono mapajani. Paulo akamuuliza mvua zilikuwaje, akajibiwa zilikuwa nzuri. Mama akauliza Dar kukoje, akajibiwa kuna joto. Kisha wakatazama vioo vyekundu, mama na mwana wanaopendana, wamepangana kama wale wazee. Mambo aliyoyajua Mama Paulo kuhusu shikome yalikuwa ya kusikia, na upande huu wa ukuta alikuwa mgeni.

Akainuka. "Ngoja nikapike," akasema.

Jikoni nilikuwa nachambua mchicha. Akakaa kwenye kigoda chake, akauegemeza mgongo ukutani, akafumba macho.

"Paulo!"

"Naam, mama."

"Ongea, mwanangu."

"Niongee na nani?"

"Na wenzako hapo."

Nilichungulia kwenye tundu la moshi. Paulo alikuwa anavitazama vile vigoda vitupu, kimoja baada ya kingine. Nikadhani atacheka, au ataingia ndani aulize mama yake kapatwa na nini. Hakufanya hivyo. Akainuka, akavichukua vigoda, akavipanga mduara, na viwili akaviweka nyuma ya hita, kusikofika joto. Akarudi akakaa. Akakohoa, kama wanaume wanavyokohoa kabla ya kuanza.

"Shikamooni, wazee," akasema kwa sauti. "Za siku nyingi? Mzee Mihayo, naona umenenepa, sangara wanakupenda." Akasubiri kidogo, kana kwamba anajibiwa. Akawaeleza treni ilivyolala Tabora, na yule abiria aliyepanda na mbuzi. Mwanzoni sauti ilikuwa inatetemeka, baadaye ikakaa sawa, ikawa ya Nkwabi kabisa. "Na wewe mzee Ngosha, yule kiboko wako wa Kamanga, hebu nikikosea nirekebishe..."

Midomo ya Mama Paulo ikaanza kwenda, inamtangulia mwanawe neno kwa neno. Kiboko akatoka majini. Nje, Paulo akacheka peke yake, mahali palepale wanapochekea wote.

Mama Paulo akafumbua macho, akapanda juu ya kigoda, akateremsha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati. Akaijaza maji, akaibandika motoni.

"Mama," nikamwambia polepole, "tuko watatu tu."

"Nyamaza kidogo, mwalimu," akaniambia. "Wanaongea."