Uzio Ulioshuka Hadi Kiunoni

Viatu viwili vyeusi vimepangwa juu ya tofali, vimepigwa dawa mpaka vinang'aa. Hicho ndicho kitu cha kwanza Tshala Kanyinda anachokiona uzio unapofunguka mbele ya panga lake.

Ni asubuhi ya salongo mjini Kamina, siku ambayo mtaa mzima hutoka kufanya usafi. Majirani wamesimama barabarani na mafagio. Tshala anavuta tawi jingine la mbono. Linaanguka, na nyuma ya viatu anaona kitanda cha chuma, chandarua, na turubai lililofungwa kwenye ukuta wa jikoni. Ukingoni mwa kitanda ameketi mwenye nyumba, Papa Nahum Ngoie, soksi mkononi.

"Nilizania ni mwizi," anasema Tshala. "Kisha nikaona njo yeye."

Mzee hakupiga kelele. Alimtazama msichana aliyeshika panga hewani, akamwambia polepole: "Kata tu, mama. Njo kazi yako."

Barabarani fagio la mwisho lilinyamaza. Kisha Monga, jirani wa mkabala, akaangua kicheko.

"Eh! Kumbe mushauri wetu iko analala inje sawa kuku!"

Hakuna aliyecheka pamoja naye. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa kitenge, akaingia kwake.

Kuelewa mshtuko wa asubuhi ile, lazima kumjua Papa Nahum. Alitengeneza njia ya reli maisha yake yote. Nyumba za matofali za mtaa huo zilikuwa za wafanyakazi wa reli, na familia zilizozinunua zimeunda komite ya kuzitunza. Nyasi zisipite kifundo cha mguu. Mahindi yasipandwe upande wa barabara. Ukuta wa mbele upakwe rangi kabla ya Noeli. Papa Nahum ni mshauri wa komite hiyo, na ua wake ndio unaoonyeshwa kwa wageni. Kila Jumapili hutoka getini na shati lililopigwa pasi, akisalimia nyumba baada ya nyumba.

Tshala, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, ndiye anayekata nyasi na nyuzio za mtaa huo. Aliacha shule mwaka wa nne wa msingi, mama yake alipougua. Malipo ya kazi hiyo ndiyo yanayonunua unga wa wadogo zake. Ni mtu wa kuinamisha kichwa. Ukimsalimia, anajibu akitazama vidole vyake, ambavyo utomvu wa mibono umevitia madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni.

"Tulimuchagua juu hana maneno mingi," anasema Mulongo Nday, prezida wa komite.

Mwaka huu wezi walijificha nyuma ya uzio mmoja na kuiba baiskeli. Komite ikakata shauri: nyuzio zote zishuke hadi kiunoni. Waliokuwa mkutanoni walinyoosha mikono, na Papa Nahum naye alinyoosha.

"Kama nilikatala, balikuwa kuniuliza juu ya nini," anasema mzee. "Ningejibu nini?"

Alichofanya ni kumwomba Tshala amwachie uzio wake uwe wa mwisho. Tshala alidhani mzee anaupenda tu. Uzio ule ulikuwa mrefu kuliko zote, umesokotana, hata kuku hapiti.

Nyuma yake kulikuwa na jambo ambalo mtaa haukulijua. Mke wa Papa Nahum alipofariki, mzee alibaki peke yake na nyumba inayodai rangi. Akapangisha chumba kimoja apate kupaka ukuta. Bati likavuja, akapangisha cha pili. Geti likaoza, akapangisha sebule. Mwishowe nyumba ilikuwa nzuri kabisa, na yeye hakuwa na mahali ndani yake.

"Lupango yangu ilikuwa ya kwanza," anasema akionyesha ua wake, na kwa mara ya kwanza anacheka kidogo. "Minyi tu njo nilikosa nafasi."

Wapangaji walijua. Aliwaomba wasiseme, nao hawakusema.

Asubuhi ile ya salongo, Tshala hakumaliza kukata. Aliweka panga chini. Kisha akaokota vigingi vya mibono alivyokwisha kukata, akavichomeka ardhini kimoja kimoja, akivibananisha mbele ya kitanda. Watu walimtazama. Monga alimwuliza kama amepata wazimu, kukata na kupanda saa hiyo hiyo.

Tshala aliendelea mpaka viatu vikapotea machoni pa barabara.

Tangu siku hiyo ana desturi mpya. Kabla ya kugusa uzio wowote anapiga makofi na kuita, "Kuko muntu?" Wenye nyumba wengine wanaona anawatania. Hatanii. Anasema panga likizama kwenye majani, anangoja kuona viatu.

Mvua zimeanza, na vigingi vimefanya kama mibono ifanyavyo ikichomekwa kwenye udongo wenye maji: vimechipua. Majani yamekwisha kupita kiuno. Mulongo ameyaona.

"Minyi namuhurumia Papa, usizanie sina roho," anasema prezida. "Lakini sheria njo sheria. Tukiachia mumoja, kesho bote batakatala. Jumamosi Tshala atakata. Akikatala, tutatafuta mwengine."

Mpangaji wa chumba cha nyuma anahama mvua zikiisha, na Papa Nahum amekwisha kusema atarudi humo. Anachohitaji ni majani ya kumfunika mpaka siku hiyo. Mtaa sasa unajua anakolala, lakini kujua si sawa na kumwona mzee akivaa suruali.

Tshala hajawahi kusema neno katika mkutano wa komite. Husimama mlangoni, huambiwa pa kukata, huondoka. Alipoulizwa, jioni ya Alhamisi, kando ya uzio huo, atafanya nini Jumamosi, alibandua utomvu uliokauka kwenye kidole gumba. Nyuma ya majani ilisikika brashi ikisugua kiatu.

"Minyi njo nashika panga," alisema, kwa sauti ndogo ya kusikika na mtu mmoja tu. "Hii uzio sitaikata."

Brashi ikanyamaza.

"Umesema nini, mama?" aliuliza Papa Nahum kutoka upande wa pili.

Tshala aliinua kichwa. Mkabala, Monga alikuwa amesimama getini kwake, na watu walikuwa wanapita wakitoka sokoni. Akasema tena, safari hii mpaka barabarani:

"Hii uzio sitaikata, Papa. Balete mwengine, nitasimama mbele yake."