Uani kwa Mama Zahra

Gesti ya Mama Zahra ilinuka ubani na ngozi mbichi za mbuzi. Harufu hizo mbili zilikupokea kabla hujafika mlangoni, pale kwenye kichochoro chembamba nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi mjini Machakos, ambapo kuta za mawe zilikuwa zimesogeleana kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo hawakuweza kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nzito, na kizingiti chake kilikuwa cha juu hata nikajikwaa mara ya kwanza nilipoingia. Ndani kulikuwa na ua wa mraba uliotandikwa mawe, bomba la maji katikati na mkomamanga mmoja kando yake. Vyumba viliuzunguka ua huo pande zote nne, milango na vidirisha vyake vyote vikitazama ndani. Ukikohoa, gesti nzima ilijua. Siku hizi nasikia watu wakizisifu nyumba za namna ile, eti zilikuwa na kivuli na utulivu. Mimi niliichukia ile kuanzia siku ya pili.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kaka yake, Baba Mkubwa Kioko, hakusubiri hata nyasi ziote juu ya kaburi. Aling'oa ua wa minyaa uliotenga mashamba yetu, akalima hadi karibu na jiko letu. Mwaitu, ndivyo nilivyomwita mama yangu kwa Kikamba, hakumlilia mtu. Alimshtaki. Kwetu ni Yatta, na masika ya mwaka ule yalikuwa yamebeba daraja la njia yetu, hivyo aliyekwenda Machakos asubuhi hakuwa na hakika ya kurudi jioni. Kesi ilipopangwa kusikizwa wakati wa likizo ya Aprili, Mwaitu alifunga nguo zetu kwenye leso, akabeba mto wake wa pamba, akanishika mkono tukaja kupanga chumba kwa Mama Zahra mpaka shauri liishe.

Mama Zahra alikuwa mjane wa mchuuzi wa mbuzi. Babu zake walikuwa Wasomali, lakini yeye alizaliwa papo hapo Machakos, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, na funguo za vyumba vyote zilining'inia kiunoni mwake zikimtangulia kwa mlio popote alipokwenda. Siku ya kwanza alinitazama miguu akaniambia, "Wewe msichana, hapa hatuingii na matope." Basi. Sikusikia karibu, wala pole ya safari.

Siku ya pili, tukiwa tumeinama bombani tukifua, mlango mkubwa ulifunguka akaingia Baba Mkubwa, nyuma yake mkewe, Mama Nduku, na binti yao Nduku, aliyekuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Nao waliogopa kukwama penye daraja siku ya kesi, na hakukuwa na gesti nyingine karibu na korti iliyokubali watu wenye watoto. Mwaitu alisimama, povu likimtiririka mikononi.

"Mama Zahra, hawa watu hawawezi kulala hapa."

"Kwa nini? Wako na ugonjwa?"

"Hawa ndio ninaenda nao kortini."

Mama Zahra aliwatazama, akatutazama. "Hapa si korti," alisema. "Vita yenu mtaiacha huko nje. Mkishindwa, mlango ni ule." Akawapa chumba kilichobaki. Kilitazamana na chetu, hatua ishirini hivi, bomba likiwa katikati.

Tuliishi hivyo kwa wiki mbili. Mama Nduku alikuwa na tabia ya kusema na hewa. Angekaa kwenye kigoda mlangoni pake akichambua maharagwe huku akiiambia hewa kwamba kuna wanawake waliokuja kuolewa na sanduku tupu na sasa wanataka shamba la watu. Mwaitu naye alijibu kwa kumwaga maji machafu mpaka yafike karibu na kile kigoda. Asubuhi walifika bombani pamoja na hakuna aliyekubali kuchota wa pili. Ndoo ziligongana, maji yakamwagika, na wapangaji wengine wakasimama wakisubiri na miswaki midomoni. Mwaitu alinikataza kula chochote kutoka kwao, hata kipande cha muwa, kwa sababu aliamini wangetutilia sumu. Baba Mkubwa ndiye aliyeniogopesha zaidi. Alikuwa na mwendo wa baba na kikohozi cha baba. Kila alipopita uani, moyo wangu uliruka kwa furaha kabla sijakumbuka ni nani.

Nduku na mimi tulikuwa tumelala kitanda kimoja kwa nyanya miaka mingi. Sasa tulitazamana kama paka. Alinifinya nikipita, nami nikatumbukiza kiatu chake kwenye mtaro. Asubuhi ya Ijumaa moja, siku tatu kabla ya kusikizwa kwa kesi, alinikuta chini ya mkomamanga nikijichorea kwenye mawe kwa makaa.

"Baba amesema mtashindwa," aliniambia. "Mamako hana karatasi. Mtarudi kwa kina mamako kule Mwala, na ile nyumba yenu tutaweka mbuzi."

"Tuko na karatasi!"

"Muongo. Iko wapi?"

"Iko ndani ya mto! Babu aliweka kidole, na wazee wakaweka vidole!"

Niliyasema kwa sauti, kifua mbele, nikiwa na raha ya mtu aliyepiga ngumi ikafika. Karatasi hiyo ilikuwa ya mgao wa shamba, ambayo babu aliiandikisha akiwa hai, na Mwaitu alikuwa ameishonea ndani ya pamba kwa mkono wake. Nduku aligeuka akaenda zake kwa mamake.

Adhuhuri, Mwaitu na mimi tulitoka kwenda sokoni kutafuta sukuma wiki. Kufuli tuliiacha imefungwa, na tuliporudi tuliikuta imefungwa. Lakini ndani, mto ulikuwa umepasuliwa kutoka pembe hadi pembe na pamba imetapakaa kitandani kama manyoya ya kuku aliyechinjwa. Mwaitu aliishika ile pamba, akaipekua yote, kidonge kwa kidonge. Kisha alitoka akavuka ua, akamkamata Mama Nduku shingoni.

Sijawahi tena kuona watu wazima wakipigana vile, bila kutukanana, bila sauti, wakihema tu. Ndoo zilipinduka. Baba Mkubwa alisimama mlangoni mwake mikono nyuma, akitazama. Mama Zahra alitoka kwenye swala yake, mtandio ukiwa bado kichwani, akawatenganisha kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Kwenye jiko la Mama Nduku, juu ya makaa, kulikuwa na jivu la karatasi, jeusi na jepesi, mistari ya maandishi ikionekana bado. Upepo ulipopita likavunjika.

"Umeona!" Mwaitu alimwambia Mama Zahra. "Utakuja kortini useme umeona."

"Nimeona jivu. Mkono sikuona."

"Useme hilo jivu basi!"

Mama Zahra alitikisa kichwa. "Nimezaliwa hapa. Lakini nikiingia kesi ya shamba la Wakamba, hao hao watauliza mimi ni wa wapi. Siwezi."

Mwaitu aliitazama kufuli yetu iliyokuwa nzima, kisha akazitazama funguo zilizoning'inia kiunoni mwa yule mama. Nililiona wazo likimwingia. "Ni wewe," alisema polepole. "Ni wewe umewafungulia."

Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilijua Nduku alikuwa mwembamba kiasi cha kupita kidirishani, nilijua aliyemwambia cha kutafuta, na ulimi wangu haukusogea. Mama Zahra hakujitetea. Jioni alituletea chai ya maziwa yenye iliki kwenye chupa. Mwaitu aliimwaga kizingitini mbele ya macho yake, na mimi, niliyekuwa na njaa, niliitazama ikiingia kati ya mawe.

Kortini, bila karatasi, ilikuwa neno letu dhidi ya neno la Baba Mkubwa, na mzee mmoja tu aliyebaki hai kati ya walioweka vidole alikuwa amesahau mpaka jina la babu. Tulipata sehemu ya chini yenye mawe. Yeye alipata ya juu, pamoja na jiko letu na kaburi la baba.

Miaka mingi imepita. Baba Mkubwa alizikwa, na siku hiyo ya mazishi Nduku, sasa mwanamke mnene mwenye duka Kyumbi, alikuja kuketi karibu nami. "Mama alininyanyua hadi dirishani," aliniambia. "Nilikuwa mtoto, Mwende. Tusameheane." Nilimwambia najua, nikahamia kiti kingine. Sikumsamehe, kwa kuwa yeye alikuwa ameweza kuusema upande wake, nami wangu sijawahi kumwambia Mwaitu.

Gesti ilibomolewa zamani. Mahali pake pana jengo la ghorofa lenye maduka ya simu, na hakuna aliyeweza kuniambia Mama Zahra aliishia wapi. Mimi nina nyumba yangu hapa mjini, yenye geti na dirisha kila upande, na watoto wangu hawajui kugombania bomba. Mwaitu anaishi nami. Macho yake yamefifia lakini barabara za Machakos anazijua kwa miguu. Jumamosi iliyopita nilimpeleka hospitali kupimwa presha, na tulipokaribia kile kichochoro alisimama ghafla.

"Tuvuke," alisema. "Sitaki kupita kwa yule mama. Alitufungulia maadui mlango. Mungu amlipe."

Magari yalikuwa mengi. Nilimshika mkono, nikatazama kushoto na kulia, tukavuka.