Kichwa cha Kondoo Kwenye Friza Yangu

Nilifungua friza na jicho moja, kwa sababu lile lingine lilikuwa limefunikwa pamba na plasta, na ndani kichwa cha kondoo kikaniangalia na macho yake yote mawili. Kilikuwa kimewekwa juu kabisa, pembe zimegusa mfuniko, barafu imeanza kushika kope. Nilikisogeza. Chini yake kulikuwa na miguu, mbavu, na ndoo ya matumbo. Niliendelea kusogeza mpaka vidole vikafa ganzi. Mikebe yangu haikuwa hapo. Mukimo wangu wa viazi na mahindi ya kupondwa hakuna, maharagwe hakuna, mbaazi hakuna, hata zile mboga nilizokuwa nimezikamua kama nguo. Hicho kilikuwa chakula changu cha wiki zote ambazo daktari alikuwa amenikataza kukaribia moshi.

Nyuma yangu wifi yangu akasema, "Tumekuwekea yako, wifi. Usiseme tulikusahau."

Alikuwa anatabasamu. Hilo nililiona vizuri, jicho moja linatosha kwa mambo kama hayo.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, kwa hivyo sijui kupamba maneno. Nitasema vile mambo yalikwenda, na waliohusika nitawataja. Ni wawili. Wa kwanza ni huyo wifi, dada mdogo wa marehemu mume wangu, anayekaa karibu na kwangu hapa Ruiri na anayeongoza sopano kwenye kwaya ya kanisani. Wa pili ni shemeji yangu, kaka yao mkubwa, mzee wa kanisa hilo hilo. Hao wawili wananipenda sana, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mara ya kwanza walinipenda nikiwa na presha. Ilinilaza ghafla, mkono wa kushoto ukawa kama wa mtu mwingine, na wengi walishaanza kuniongelea kama mtu aliyekuwa. Sikufa. Niliporudi nyumbani, wakaja na supu. Mgonjwa kwetu lazima anywe supu, na supu yao ilikuwa na mafuta ya kuweza kusimamisha kijiko. Wakaja na soda, mkate na siagi, na nyama iliyotiwa chumvi kama ya kupelekwa safari. Nilikula kwa heshima. Baada ya muda mfupi nikarudi hospitali, na daktari, msichana wa umri wa binti yangu, akaniambia chumvi niisahau na mafuta niyaogope. Kuhusu ndugu hakusema kitu. Hiyo niliiongeza mwenyewe.

Tangu hapo najipikia. Na kujipikia huku kwetu ni kazi ya mchana kutwa, kwa sababu mahindi makavu na maharagwe hayana haraka na mtu. Unawasha kuni asubuhi, unapuliza, unakohoa, unaongeza maji, na ukija kula jua limeshageuka. Binti yangu anafanya kazi kwenye jikoni ya hoteli moja Embu, amepanga chumba huko huko, mtaa unaoitwa Dallas. Alipokuja Krismasi akanikuta kwenye moshi, akasimama mlangoni ameziba pua na kitambaa.

"Mathe, kwani unapikia watu wa kuvuna? Pika mara moja, gandisha, upumzike. Friza si unayo?"

Friza ninayo. Marehemu aliinunua auze soda baridi pale senta, lakini marafiki zake walikuwa wanazinywa kabla hazijapata baridi, na biashara ikaishia hapo. Alipokufa, shemeji alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba vitu vya ndugu yake ni vya familia. Kwa hivyo friza ikawa ya familia. Bili ya stima yake peke yake ndiyo ikabaki yangu.

Kugandisha chakula kulinichezea mwanzoni. Nilianza na viazi vizima vya kuchemsha, vikatoka kama godoro lililonyeshewa, ukifinya vinatoa maji. Nikajaza mkebe wa maharagwe mpaka juu, usiku supu ikavimba na kusukuma kifuniko. Nikaingiza sufuria ikiwa bado na moto, vitu vilivyokuwa karibu nayo vikayeyuka, kisha vikaganda tena na ndevu za barafu. Binti yangu alikuwa ananicheka kwa simu na kunielekeza. Mboga nizitumbukize kwenye maji yanayochemka, nizitoe zikiwa bado kijani, nizitie maji baridi, nizikamue, nizifinyange ziwe kama mipira. Viazi niviponde kwenye mukimo, visikae peke yao. Maharagwe nichemshe yaive bila kupasuka, yapoe kabisa, na juu ya mkebe niache nafasi ya kidole. Kwa vile kuandika kwangu ni kwa shida, nilifumua sweta kuukuu nikafunga kila mkebe uzi wake, mwekundu wa maharagwe, wa kijani wa mboga, mweupe wa mukimo. Nikishika uzi najua nitakula nini. Nyama nilikuwa nikipata ile isiyo na mafuta, kidogo, lakini hasa nilikuwa nakula shamba langu mwenyewe, na presha ikatulia.

Wifi alikuwa akipita, anaangalia ndani ya friza, anacheka. Aliiita mochari. "Leo umemtoa nani?" ananiuliza mbele ya wanawake wengine. Alisema hata kuku wake hawezi kuwapa chakula kilicholala, sembuse mtu. Mimi nilikuwa nikicheka pia.

Ndipo jicho la kulia likaingia ukungu. Daktari wa macho kule Embu akasema ni mtoto wa jicho, litapasuliwa na nitaona vizuri, lakini baada ya hapo nisikaribie moshi, nisiiname kupuliza moto, nisiinue sufuria nzito, mpaka yeye mwenyewe aniruhusu. Nilimwuliza nitakula nini. Akasema nyumbani si kuna watu. Nikamwambia ndiyo, wako.

Kwa hivyo nilipika kabla. Nilipika kama mtu anayejipikia matanga. Kuni zangu kavu nilizipanga, nyingine nikazitumia, nyingine nikaacha kwa dharura. Nilichemsha mahindi, maharagwe, njahi zile nyeusi na mbaazi, nikaponda mukimo na majani ya malenge, nikakamua mboga mpaka viganja vikawa kijani. Gesi ninayo, mtungi mdogo, lakini huku hakuna mtu mwenye akili timamu anachemsha mahindi makavu na gesi. Itaisha kabla punje hazijalegea. Kuni zichemshe, gesi ipashe. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Friza ilijaa mpaka nikaifunga kwa kuikalia. Niliwahi kujivunia vitu vichache maishani, na hicho kilikuwa kimoja.

Ufunguo nilimwachia wifi kwa sababu ya kuku. Nilimwambia kuku wapewe maji na friza isifunguliwe. Akasema, "Nani atafungua mochari?"

Nikaenda. Upasuaji ulikuwa mzuri, sikusikia hata maumivu, na nikakaa siku chache kwa binti yangu pale Dallas nikisikiliza majirani wakigombania kamba ya nguo. Kumbe huku nyuma shemeji alikuwa anapokea wageni wa mahari ya binti yake. Tarehe ilikuwa imeletwa karibu kuliko ilivyopangwa. Hawakunipigia simu, na sababu yao ilikuwa nzuri: nilikuwa mgonjwa, hawakutaka kunisumbua.

Sasa kwetu, wakwe wakija, kila mke wa boma analeta chakula kutoka jikoni kwake, kwa sufuria yake. Wazee wa upande ule wanaziangalia zile sufuria zikipangwa, na hata kama hawasemi, wanahesabu. Sufuria ikikosekana, wanajua boma lina nyufa. Na mimi, ujane wangu pamoja na jicho langu, bado ni mke wa boma.

Haya yote nilielezwa pale pale mbele ya friza, mfuniko ukiwa wazi, baridi ikinipiga kifuani.

"Mikebe yangu iko wapi?" nilimwuliza wifi.

"Iko jikoni, imeoshwa. Nimeiosha mwenyewe na hizo nyuzi zako nikatupa, zilikuwa chafu."

"Na chakula?"

"Kililiwa. Wageni walikisifu, wifi. Ila tu ungetia chumvi kidogo."

Walikuwa wameyeyusha kila kitu, wakamwaga kwenye sufuria moja kubwa, mukimo juu ya mbaazi, njahi juu ya mboga, wakakaanga upya kwa vitunguu, mafuta ya kupikia na viungo vya pakiti. Walitumia gesi yangu, kwa kuwa jikoni nje kulikuwa na nyama inachomwa. Walitumia na zile kuni zangu kavu kwa hiyo nyama. Sufuria yangu ikapangwa katikati ya zingine, na shemeji alipoomba alimshukuru Mungu kwa ajili ya dada yao ambaye hata akiwa kitanda cha hospitali amekumbuka wageni. Watu walisema amina. Wifi aliniambia wengine walifuta machozi.

"Lakini wewe ulikuwa unasema ni maiti," nikamwambia. "Umewalisha wakwe maiti?"

"Sasa tungefanya nini? Nyumba yako ikose sufuria? Watu wangesema tunakutenga." Akanitazama kwa huruma. "Na mtu mmoja, wifi, kwani ulikuwa unapikia jeshi gani?"

Jioni shemeji akaja na fimbo yake, akaketi, akauliza jicho. Nilimweleza kwamba kilichoondolewa hakikuwa chakula cha ziada, kilikuwa dawa, na kwamba nimekatazwa moshi. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye husikiliza vizuri.

"Mama," akasema, "wewe ulitoa maharagwe, umepata nusu kondoo. Nani mwingine amefanya biashara kama hiyo?"

"Mzee, siwezi kula hiyo nyama. Presha."

"Basi alika watu."

Wakacheka, yeye na dada yake. Nilicheka kidogo pia, kwa sababu ni mkubwa wangu na kwa sababu mtu akiwa na bandeji usoni, asipocheka, anaonekana mkali.

Binti yangu alikuwa amenipandisha gari Embu na kurudi kazini. Siku za ruhusa alizopewa alikuwa amezimaliza kwa ajili yangu. Alipopiga simu kuuliza kama nimekula, nilisema nimekula. Nilikuwa nimekula ndizi. Niliwasha gesi, mtungi ukatoa pumzi moja kama mtu anayekata tamaa, ukanyamaza, na pesa za kuujaza zilikuwa zimeishia hospitali. Siku zilizofuata nilikula mkate, ndizi na maziwa. Wifi aliniletea sahani za nyama zinazoelea kwenye mchuzi, naye anasimama kungoja nianze. Akitoka, naosha nyama kwa maji ya moto ya chupa niliyojaziwa na jirani, nakula, na bado usiku kichwa kinapiga kama ngoma ya mtu mwingine. Nilijua hiyo ngoma. Ndiyo ilinipeleka kitandani mara ya kwanza.

Kwa hivyo nilichagua. Mtu akiwa na presha upande huu na jicho upande ule, lazima achague kimoja cha kuharibu. Niliingia jikoni, nikafunga leso usoni, nikawasha moto niweke maharagwe. Kuni zilizobaki zilikuwa za kunyeshewa. Nilipuliza nikiwa nimegeuza uso pembeni, kama mtu aliyekataa kusalimia. Moshi haukujali nimegeuka upande gani. Maharagwe yaliiva, hilo lazima niseme. Yaliiva vizuri.

Jicho likawa jekundu, kisha likawa na maumivu, kisha nikaamka siku moja kope zimegandana. Binti yangu alikuja kunichukua tukarudi Embu. Daktari aliangalia muda mrefu kwa ile taa yake. Alisema kuna maambukizi, alisema tumechelewa kidogo, alisema atajaribu. Amejaribu. Leo kwa jicho hilo namwona mtu kama aliye nyuma ya kioo chenye mvuke. Najua ni mtu, sijui ni nani mpaka aseme. La kushoto nalo limeanza ukungu, na daktari hataki kuligusa mpaka ajue nitakaporudi nitakaa wapi na nani atanipikia.

Siku hiyo aliniuliza, kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mama, nani alikuweka kwenye moshi?"

Binti yangu alikuwa amekaa karibu nami, na ningesema angetoka pale moja kwa moja mpaka Ruiri, na angesema maneno ambayo hayarudishwi. Nilisema ni bahati mbaya. Daktari aliandika kitu.

Lakini haikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya haina ufunguo wa nyumba yangu. Nimesikia mkisema kanisani kwamba mimi ni mkaidi, kwamba nilionywa moshi na nikaingia mwenyewe kwa miguu yangu. Ni kweli, miguu ilikuwa yangu. Wifi, wewe uliyemwaga chakula changu na kumaliza gesi, na wewe shemeji, uliyesimama ukamshukuru Mungu kwa sufuria ambayo mwenyewe hakuitoa, sitaki kondoo mwingine na sitaki kuombewa. Jicho la pili linangoja kupasuliwa, na daktari bado hajapewa jibu la kweli. Twende kwake Embu sote watatu, mkae kwenye kile kiti nilichokaa, awaulize vile aliniuliza mimi. Nani aliniweka kwenye moshi? Mmoja wenu aseme, kwa mdomo wake mwenyewe, nikiwa hapo nasikia.