Fundo Lisilopinduka

Mtaani walimwita Mama Mkasi, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa fundi wa lesi ya mafundo, tena fundi hasa, lakini mwanafunzi akikosea fundo moja tu, hakusemeshwa. Mkasi ulipita, uzi ukaanguka sakafuni, mtu akaanza upya. Hata binti yake wa pekee alilelewa hivyo, na kabla hajajua kujisuka nywele alikuwa akifuma ua zima huku macho yakiwa dirishani.

Binti huyo alifariki siku aliyojifungua. Mtoto, wa kike, alipona, na sasa alikuwa amelala kwenye kikapu cha nguo kando ya cherehani, ngumi mdomoni. Tangu mazishi Mama Mkasi hakuwa ameshika uzi. Kwa hiyo mke wa kinyozi alipokuja na tumbo lake kubwa kuomba afundishwe ua dogo la kushona kwenye kofia ya mwanawe mtarajiwa, alijibiwa kwamba kazi hiyo imekwisha. Akakaa tu. Kuna watu hawafukuziki.

Mwishowe Mama Mkasi akateremsha kopo la bati. Ndani mlikuwa na ua ambalo marehemu alikuwa akiifumia kofia ya mtoto wake, bado likining'inia kwenye kibao cha uzi, kile kidude cha plastiki kilichochongoka ncha mbili. Petali zote zilikuwa zimefungwa isipokuwa ya mwisho. Mafundo yake yalikuwa tayari. Ilibaki kuvuta uzi tu. Mama Mkasi alijiwekea ahadi kwamba siku akipata moyo atauvuta yeye, ili mjukuu awe na kitu kimoja kilichotoka mikononi mwa mama yake. Kingine hakikuwepo.

Alimpa mgeni uzi na kibao kingine, akamweleza. Uzi wa kushoto uzungushe vidoleni, wa kulia upite chini yake. Kisha legeza vidole vya kushoto, vuta wa kulia, mpaka fundo lipinduke na kuhamia kwenye uzi wa kushoto. Likipinduka, linateleza. Lisipopinduka, linakaba, na petali haitafungika hata uilie.

"Tazama inavyofungika," akasema, akavuta uzi wa binti yake.

Haukwenda. Akavuta tena, uzi ukamkata kidole. Akalipeleka ua dirishani. Mafundo ya mwanzo yalikuwa sawa, lakini yaliyofuata yalikuwa yamekaba yote, moja baada ya jingine. Lilikuwa kosa la mwanagenzi, na binti yake hakuwahi kulifanya tangu aote meno ya ukubwani.

Ndipo akakumbuka. Siku ya petali hiyo ya mwisho binti alilalamika kwamba vidole vimevimba, pete ya ndoa haitoki, kichwa kinagonga, na uzi hausikii vizuri. Naye, bila hata kuinua macho, alimjibu, "Siku hizi uvivu nao unavimbisha vidole?" Binti akacheka, maana walizoea kutaniana. Akaendelea kufuma. Kesho yake kifafa cha mimba kikamwangusha, na mama akawaambia wote waliokuja kumpa pole kwamba kilikuja ghafla, hakikupiga hodi. Aliwaambia hivyo na aliamini. Sasa hodi zenyewe alikuwa amezishika mkononi, na alijichukia.

Mke wa kinyozi, ambaye hakujua lolote, alimwona bado yuko dirishani na ua mkononi.

"Likikaba si linakatwa, Mama?" akauliza kwa upole. "Hata langu limekaba." Akanyoosha uzi wake, akamsogezea mkasi.

Mama Mkasi hakuugusa. Alikaa karibu naye, akamshika mkono, akabonyeza nyuma ya kiganja kwa kidole gumba, akaachia, akatazama kishimo kikichelewa kujaa. Yule mwanamke akacheka kidogo.

"Mama, mimi sijui tu. Ndiyo kwanza naanza leo."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo. Ni jua hili tu."

Mama Mkasi akambeba mjukuu mgongoni, akakaza kanga. Ua alilirudisha koponi likiwa wazi vilevile.

"Vaa viatu, mwanangu," akasema. "Twende hospitali."

"Kwa fundo moja, Mama?"

"Vaa viatu."