Jumamosi Tuliyomzika Mlinda Lango

Namshukuru Mungu aliyelitandaza ziwa hili akaliwekea mipaka, akawapa samaki maji na sisi akatupa pumzi. Ni yeye aliyenifikisha umri ambao wengi wa rika langu hawakuufikia, akaniachia kumbukumbu zenye nguvu kuliko magoti yangu. Namshukuru hata kwa hili ninalotaka kulisimulia, ingawa kila nikilikumbuka moyo wangu hushuka.

Kwa miaka mingi nilikuwa mzee wa kanisa mjini Kisumu, na siku za mechi nilikuwa mzee wa maombi wa klabu yetu ya kandanda. Kazi yangu ilikuwa ndogo. Niliingia chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji wakashikana mikono, nikaomba, nikatoka kwenda kukaa na mashabiki. Sikuwahi kuomba tushinde. Niliomba miguu isivunjike na hasira isitutawale. Vijana walinitania kwamba ndiyo sababu tulitoka sare kila mara. "Mzee, siku moja tu," nahodha aliniambia, "omba bao hata la kichwa."

Klabu ilikuwa imezeeka vibaya. Baba zetu ndio walioianzisha, na nilipokuwa kijana hungeweza kupata nafasi ya kusimama uwanjani tukicheza na timu za Nairobi. Lakini mfadhili wa mwisho aliondoka, kisha wachezaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Waliobaki walikuwa na kazi nyingine. Mmoja aliendesha bodaboda Kondele, mwingine alimsaidia mama yake kuuza samaki wa kukaanga, na nahodha mwenyewe alikuwa fundi wa kupaka rangi. Ungemkuta uwanjani na madoa meupe kwenye nywele ukadhani amezeeka kwa usiku mmoja.

Kocha wetu alitoka upande wa Mlima Kenya. Alikuja Kisumu kuuza vipuri vya magari, akakaa, hata katika miaka ya fujo za uchaguzi, ambayo wenzake walifunga maduka na kurudi kwao. Hakuwa na mshahara wa kuzungumzia. Akiulizwa kwa nini haendi, alijibu kwamba ameshazoea joto. Kiluo chake kilikuwa cha kuchekesha, na alikijua vizuri upande wa matusi ya uwanjani tu, mpaka ikabidi nimwombe asikitumie kanisani.

Msimu ninaousimulia, tulikuwa tumeshindwa kusafiri mara mbili kwa kukosa basi, na wenyeji wetu wakapewa ushindi wa mezani. Sheria ya ligi kila shabiki aliijua kama Sala ya Bwana: timu ikikosa kufika uwanjani mara tatu katika msimu mmoja, inafutwa. Hatukuogopa sana, kwa sababu mechi zilizosalia zote zilikuwa za hapa Kisumu. Tulichohitaji ni kufika uwanjani tu, hata tukafungwe. Nani hukosa mechi nyumbani kwake?

Hapo ndipo mlinda lango wetu wa zamani alipofariki.

Alikuwa golikipa wa miaka yetu mizuri. Baada ya kustaafu hakuiacha klabu, akawa mtunza jezi. Alikuwa akikaa Migosi, na ukipita nyuma ya nyumba yake siku ya Jumapili ungeona timu nzima imeanikwa kwenye kamba, jezi nyekundu zilizopauka zikipepea. Nyumbani kwao kulikuwa Seme, ndani kidogo ukishapita Kombewa, na huko ndiko angezikwa, siku ya Jumamosi. Na Jumamosi hiyo hiyo, saa tisa alasiri, tulikuwa na mechi.

Klabu yetu ilikuwa na desturi yake. Mchezaji wa zamani akifa, timu ndiyo humbeba. Si mashabiki wala kamati, ni timu yenyewe, ikiwa imevaa jezi, na nahodha huweka jezi ya marehemu juu ya jeneza kabla halijashuka kaburini. Hakuna aliyewahi kuzikwa bila hivyo.

Kamati iliketi. Tuliomba mechi isogezwe hadi Jumapili, wakubwa wa ligi wakajibu kwa simu kwamba ratiba ni ratiba. Tuliomba familia izike Ijumaa, wakasema jamaa wa Nairobi na Mombasa wako njiani, na haki ya marehemu ni kulala usiku mmoja nyumbani kwake. Kocha akapendekeza tutume chipukizi wakambebe. Mwenyekiti wetu, mtu mpole aliyekuwa mwalimu wa hesabu, aliweka kalamu chini.

"Golikipa yule akibebwa na timu ya pili," alisema, "amekufa mara mbili."

Kocha hakubishana. Alisema tu kwamba kwao watu huzika asubuhi, mchana mtu yuko shambani anachuma majani chai. "Hapa kwenu mtu akifa ndipo anapoanza kazi." Tulicheka sote, na yeye akacheka. Ikakubaliwa kwamba jeneza lishuke saa sita. Familia iliahidi, na mimi niliyepewa mahubiri niliahidi kuwa mfupi. Kocha akanisindikiza mlangoni. "Mzee, Lazaro aliitwa kwa maneno machache tu, na akatoka."

Asubuhi ilitutendea mema. Basi dogo la shule tulilopewa liliwaka bila kusukumwa. Wachezaji walimbeba marehemu kutoka nyumbani hadi hemani, na wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza kidogo kuwatazama, kwa jinsi walivyopendeza. Nilihubiri kwa ufupi. Kwaya ikaimba ubeti mmoja ikaketi. Nilimwona kocha akitazama saa yake na kutabasamu.

Kisha kipaza sauti kikapewa mchezaji mmoja wa zamani, aseme kwa niaba ya wote.

Alisema vizuri. Alisimulia jinsi marehemu alivyookoa penalti mvua ikinyesha, mpira ukiwa mzito kama mkungu wa ndizi. Watu wakapiga makofi. Hapo wa pili akainuka, akisema mwenzake amesahau kwamba ni yeye mwenyewe aliyesababisha ile penalti, na hema zima likacheka. Wa tatu hakuitwa na mtu. Walikuwa wametoka kila upande wa ziwa, wengine sikuwa nimewaona tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na kila mmoja alikuwa na bao lake, safari yake ya Mombasa, refa wake aliyekimbizwa hadi kituo cha polisi. Vijana wetu walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, wakisikiliza habari za klabu kubwa ajabu, na ilinijia kwamba hawakuwahi kuijua. Nyuso zao ziling'aa. Uwanjani hakuna aliyewahi kuwaambia maneno kama yale.

Saa sita ikapita, na saa saba nayo ikapita.

Kocha alinifuata pembeni mwa hema. Hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mzee, wewe watakusikiliza. Mwambie mwenyekiti."

Nilimwendea mwenyekiti. Alikuwa akifuta macho. Wakati huo alikuwa amesimama winga wa kushoto wa enzi zile, ambaye sasa haoni, ameshikwa mkono na mkewe, na alikuwa akionyesha kwa mguu jinsi krosi ilivyopigwa. Mwenyekiti alinong'ona, "Jaduong', mzee wangu, nani atamnyang'anya huyu kipaza sauti?" Nilimtazama yule kipofu, mguu wake ukitafuta mpira ambao haukuwapo, na mimi pia sikuona ni nani.

Jeneza lilishuka karibu saa nane. Nahodha aliweka jezi, mkono wake ukakaa juu yake kwa muda. Akina mama walikuwa wameshapanga sahani za ugali na samaki wa ngege, na kuondoka msibani bila kula ni aibu kubwa kwetu, lakini tuliondoka. Mjane mwenyewe alikuja hadi mlango wa basi. "Nendeni mkacheze, wanangu," alisema. "Yeye ameshalala."

Tungefika kama ingekuwa siku nyingine. Lakini Jumamosi barabara ile ni ya wafu. Tangu Kombewa tulikuta misafara, magari yamewasha taa na kufungwa matawi, na maiti haipitwi kwa kasi. Dereva wetu alikuwa mtoto wa hapa, hakuhitaji kuambiwa. Wachezaji walikuwa tayari wamevaa viatu, wameshikilia viti. Kocha alikaa nyuma ya dereva akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anaomba, nikaomba naye. Siku hiyo sikuomba juu ya miguu wala hasira. Niliomba barabara.

Tulipofika, refa alikuwa ameshangoja muda aliopaswa kungoja, akapuliza filimbi na kuondoka. Kamisaa wa mechi alikuwa akifunga mkoba wake. Wapinzani walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakila machungwa, na nahodha wao aliinuka akaja kutupa pole, kijana mwenye adabu. Vijana wetu waliingia uwanjani hata hivyo, wakajipanga kila mtu mahali pake, wakasimama. Hakuna aliyewaambia watoke.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu langoni kwa miaka yote niliyokuwa nikija alitutazama wazee tukishuka, suti zetu zimejaa vumbi la Seme. Alisema bila kupaza sauti, "Leo mmezika wawili."

Na ikawa hivyo. Barua ya ligi ilipokuja haikutueleza kitu tusichokijua. Mwenyekiti alijiuzulu. Nahodha alirudi kwenye rangi zake. Kocha alifunga duka msimu huo akarudi kwao, na siku ya kuondoka hatukumfanyia hata chai, kwa sababu hakuna aliyeweza kumtazama usoni. Hilo linanichoma kuliko barua.

Nimeketi na jambo hili mbele za Mungu mara nyingi. Siwezi kusema tulikosea kumzika mzee wetu. Mtu aliyetufulia jezi alistahili kubebwa na wenye jezi. Lakini wale waliosimama kumsifu walikuwa wengi kuliko mashabiki tuliokuwa tukiwapata uwanjani mwezi mzima. Wangekuja na sifa zile akiwa hai, wakati vijana wanahitaji kuzisikia, huenda tusingefika pale. Tulikuwa watu hodari wa kuzika. Kuuguza hatukujua.

Klabu haikufa, Mungu ni mwema. Imeanza tena chini kabisa, katika ligi ya kaunti, kwenye kiwanja cha Migosi kisicho na uzio, ambako ng'ombe wakipita refa husimamisha mchezo. Mashabiki ni wachache, na tukifungwa wanatutukana kwa upendo uleule. Mimi bado naomba kabla ya mechi. Na tumejiwekea desturi mpya: kila tunapocheza nyumbani, tunamwita mtu mmoja wa zamani aliye hai, tunamkalisha kwenye kiti kando ya uwanja, na kabla ya filimbi tunamsifu mbele ya vijana. Yule winga asiyeona alikuwa wa kwanza.

Mwaka huu nilimpigia kocha simu. Nilikuwa nimeiogopa simu hiyo kwa muda mrefu. Aliuliza tu kama joto bado lipo, kisha akapanda basi akaja. Amekonda, anatembea kwa fimbo. Tulimkalisha kwenye kiti, na wazee wakashika kipaza sauti. Mmoja alisema vizuri, wa pili akasema amesahau kitu, na wa tatu alikuwa ameshaanza kusogea. Refa mchanga alisimama katikati akiwa na filimbi mdomoni, asijue afanye nini.

Kocha aliinua fimbo yake. "Wazee wangu," alisema, "saa tisa imefika. Mechi ianze."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka nao, kisha ikabidi nigeuke upande wa barabara kidogo. Mpira ulianza kwa wakati. Tulifungwa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe watu wa kukusema vizuri ungali unasikia, na akupe ulimi wa kuwasema wako kabla ya Jumamosi yao. Akufikishe kila mahali unapongojwa, na akikuchelewesha, akukutanishe na mwenye huruma langoni. Amina.